Namba Asiyoijua Baba

Nilimwona akikata kona pale kwenye duka la dawa, begi la kompyuta limening'inia bega moja, nikaapa moyoni kwamba leo simsalimii. Hivi kweli, mtu unamwambia unahama mji, huenda msionane tena, naye anakuuliza nywila ya tovuti? Ndiyo, nywila! Jumapili iliyopita nilisimama hapa hapa mlangoni, machozi yako karibu, nikamwambia, "Duka likifungwa Shangazi ananichukua, nakwenda kuishi kwake." Akanitazama. Akameza mate. Kisha akasema, "Basi niandikie ile nywila, isije ikapotea."

Namshukuru Mungu sikuwa na nyundo mkononi.

Lakini moyo hauna adabu. Alipobakiza hatua tatu kunifikia, ulianza kudunda mpaka nikashika fremu ya mlango. Shati lake la bluu lilikuwa limelowa jasho kifuani. Alikuwa amekimbia.

"Habari za leo?" akasema akihema.

"Nzuri," nikajibu. Kiapo kikaishia hapo.

"Nina kitu cha kukuonyesha. Mzee yuko? Mnunuzi ameshafika?"

"Mnunuzi wa cherehani anakuja saa kumi. Sasa hivi ni saa tisa. Unataka kunionyesha nini tena, Bwana Mtandao? Nywila si umeshapewa?"

Akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja lililonimaliza tangu siku ya kwanza. "Bado una hasira na mimi."

"Hasira? Mimi? Za nini?" Nikampisha apite, nikahakikisha simgusi. Nikamgusa.

Jina la Bwana Mtandao nilimbandika mimi, siku alipoingia dukani kwetu kwa mara ya kwanza akitafuta mtu wa kumshonea kiti cha ofisini. Baba yangu ni fundi makochi. Kochi lililobonyea, lililochanika, lililotafunwa na panya, mletee baba yangu atalifumua mpaka mbao zake, atalitia sponji mpya na kulivika kitambaa, na mwenyewe ukirudi utapita mbele yake usilitambue. Tangu mama atutoke tumekuwa wawili tu humu ndani, yeye anagonga, mimi nashona. Nimekua na nyuzi kwenye nywele. Sasa maduka makubwa ya samani yamejipanga kando ya barabara kuu, watu wanapita huko, na sisi tumejificha huku nyuma tunatazamana.

Tovuti tulikuwa nayo, msidhani. Alitutengenezea shemeji yangu, mume wa binamu, kwa wiki moja ya majivuno. Ilijaa picha za makochi meupe ya ngozi ambayo sisi hatujawahi hata kuyakalia, na juu kabisa, kwa maandishi ya dhahabu: "Karibu Katika Ulimwengu wa Starehe." Ila duka liko wapi, hakuna. Linafunguliwa saa ngapi, hakuna. Jirani wa mtaa wa pili angeisoma akadhani tuko ng'ambo.

Ndipo Shangazi alipokuja. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na akisema neno, hata cherehani inanyamaza. Akasema duka limekufa, limebaki kuzikwa. Cherehani iuzwe, baba apumzike, na mimi niende nikakae naye, kule kwake kuna ofisi inatafuta msichana wa mapokezi. Baba akasema, "Nipeni wiki nne. Huyu kijana wa kompyuta anasema anaweza kuitengeneza hiyo tovuti ikaleta watu wa hapa hapa mjini. Akiingia mteja hata mmoja kutoka humo, duka linabaki. Asipoingia, Jumamosi ya nne, saa kumi, cherehani inaondoka. Na binti anakwenda nawe."

Leo ndiyo Jumamosi ya nne.

Na msinione nalia. Wiki zile nne zilikuwa tamu, jamani! Wiki ya kwanza alikuwa anakuja kila siku baada ya kazi, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu, kompyuta mapajani.

"Kochi la nyumbani kwako limebonyea," aliniuliza siku moja, "na mgeni wa heshima anakuja kesho. Umeshika simu. Unatafuta nini?"

"Naandika: fundi makochi wa karibu."

"Basi! Hakuna binadamu anayeandika ulimwengu wa starehe."

Tulicheka mpaka baba akatuuliza kama kazi imekwisha. Makochi meupe yakafutwa yote. Tukapiga picha za makochi yetu wenyewe, kabla na baada, yalivyoingia yanatia huruma na yalivyotoka yanatia wivu. Mimi nilikuwa nashika shuka nyuma ili ukuta wenye madoa usionekane. Aliniambia nisogee kushoto kidogo. Kisha kulia. Kisha nirudi pale pale nilipokuwa. Baadaye nikachungulia kwenye simu yake nikaona hakuna picha hata moja iliyopigwa.

"Kumbe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta mwanga," akasema, na masikio yakamwiva.

Aliandika tunavyosema sisi wenyewe: "Tuko nyuma ya kituo cha mafuta, mkabala na duka la dawa, mlango wa kijani. Kochi lako tunalifuata nyumbani." Akaweka ramani. Akapunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Chini akaweka kitufe kikubwa cha kijani: Piga Simu. Mimi nilitaka iwekwe namba yangu. Baba akakataa katakata. "Duka ni langu, namba iwe yangu." Ikawekwa ya baba.

Halafu kimya. Wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu nikaanza kutazama barabarani kila gari lilipopunguza mwendo. Na sasa tumefika hapa.

Ndani, baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mwisho lililobaki, anang'oa pini kwa koleo. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi lenyewe, upande ambao haujafumuliwa, mkoba mapajani kama mtu aliye kituoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," baba akajibu bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu wa vidole," akasema Shangazi. "Mimi kazi ya kijana huyu sijawahi kuiona. Fundi viatu unaona kiatu. Fundi bomba unaona maji. Huyu hata ukimwashia taa huioni kazi yake."

"Shangazi!" nikasema.

"Nimekosea wapi? Mume wa mtu anatakiwa ashike kitu kinachoshikika."

Neno mume lilipotajwa, Bwana Mtandao aliifungua kompyuta kichwa chini. Baba akatoa simu kwenye mfuko wa shati, akaitazama, akakunja uso, akabonyeza, akairudisha mfukoni, akashika koleo. Alikuwa anafanya hivyo mara nyingi siku hizi, wala sikujali.

"Njoo uone," akaninong'oneza Bwana Mtandao. Nikainama karibu naye, na ile harufu ya sabuni yake ikanipanda kichwani. Nikajikaza. "Hawa ni watu waliofungua ukurasa wetu wiki tatu hizi. Mia tatu na kumi. Na karibu wote wako ndani ya mji huu."

"Mia tatu na kumi!" Shangazi akacheka. "Wamekaa wapi? Maana viti viko vitupu."

"Na hawa hapa," akaendelea, "ni waliobonyeza kitufe cha kupiga simu. Sitini na wanne."

Hapo ndipo nilipochoka. Nasema ukweli, nilichoka na namba zake, nilichoka na kioo chake, nilichoka kumpenda mtu anayenitazama kana kwamba mimi ni ukurasa unaofunguka polepole.

"Sitini na wanne wako wapi?" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Simu imelia lini humu ndani? Nimekaa hapa wiki tatu, nasubiri ilie, mpaka naota inalia! Si useme tu umeshindwa? Sema yaishe!"

"Sijashindwa. Watu wapo."

"Wapo kwenye kompyuta yako! Na mimi baada ya saa moja napanda gari na begi langu, wewe utabaki na hao watu wako!"

"Unafikiri mimi nataka uondoke?"

"Sijui unachotaka! Hujawahi kusema! Nilikwambia naondoka ukaniomba nywila!"

Koleo la baba lilisimama. Shangazi alinyoosha shingo, maana hapo sasa mambo yalikuwa yamenoga. Bwana Mtandao akasimama, kompyuta mkononi, uso umemwiva, akafungua mdomo. Nikangoja. Moyo wangu wote ulikuwa pale kwenye mdomo wake.

"Mimi..." akasema. "Uso kwa uso, mimi ulimi unaniganda. Lakini nimejaribu. Nakuapia nimejaribu njia nyingine, tangu Jumatatu. Haikupita."

"Njia gani?"

Mwanga uliwaka ndani ya mfuko wa shati la baba. Hakuna sauti, mwanga tu. Baba akaitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasonya.

"Tapeli mwingine huyu." Akabonyeza ikazimika.

Nikamtazama Bwana Mtandao. Naye akanitazama. Nadhani tulielewa kwa pamoja, maana tulivuta pumzi kwa pamoja.

"Baba," nikasema taratibu, kama mtu anayemsogelea kuku asimtoroke. "Nani huyo?"

"Nimjue wapi? Namba siijui. Siku hizi wamezidi, wananisumbua kutwa, nimewazimia na sauti."

Hapa lazima niwaeleze. Miaka miwili iliyopita baba alipigiwa simu na mtu akaambiwa ameshinda gari. Baba yangu, mtu mzima, alikaa siku mbili anapima uwanja kuona litaegeshwa wapi. Alipokuja kujua ameshikwa masikio, aliweka sheria: namba asiyoijua hapokei, hata apigiwe na malaika. Sheria hiyo naijua tangu siku hiyo. Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nilimwacha aweke namba yake kwenye kitufe cha kijani nikatulia nasubiri wateja. Wateja gani ambao baba angewajua namba zao?

"Baba, nionyeshe hiyo simu."

"Ya nini?"

"Baba, nakuomba!"

Akanipa. Nikafungua orodha ya simu zilizoingia. Nikateremsha. Nikateremsha tena. Haikuwa na mwisho! Asubuhi, mchana, jana, juzi, namba juu ya namba, zote nyekundu, zote hazikupokewa. Na kwenye ujumbe mfupi, ambao baba hausomi kwa sheria hiyo hiyo: "Fundi, nimeona picha zenu, nina viti sita vya mezani." "Habari, mnafuata kochi nyumbani? Nakaa jirani na shule." "Fundi pokea simu basi, kochi la mama limekatika mguu."

"Baba, hawa si matapeli!" Nilipiga kelele mpaka paka wa jirani akaruka dirishani. "Ni wateja! Baba, ni wateja! Wamekuwa wakipiga wiki tatu!"

Baba alichukua miwani kwenye kisanduku cha pini, akaivaa, akasoma ule wa kochi la mama. Akausoma mara ya pili. Akakaa chini kabisa, sakafuni, katikati ya sponji.

"Wote hawa?" akauliza.

"Wote, mzee," akasema Bwana Mtandao. "Walikuwa wanabonyeza."

"Na mimi nilikuwa nawakatia." Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada, hebu niambie. Mtu akiwa mjinga kiasi hiki, anaitwaje?"

"Anaitwa mdogo wangu," akasema Shangazi. Lakini alikuwa ameshaweka mkoba chini. "Sasa unangoja nini? Saa ni tisa na nusu. Wapigie!"

Jamani, nitaisahau lini ile nusu saa! Baba alipiga simu sakafuni pale pale, amenyoosha miguu, anapaza sauti kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Mimi nilishika daftari, naandika majina. Mwenye viti sita alipokea, akasema alikuwa karibu kukata tamaa, anavileta leo. Mama wa kochi lililokatika mguu akamfokea baba dakika nzima, kisha akamwombea baraka. Baba akawa anasema, "Samahani sana, mama. Simu yangu ilikuwa na tatizo," na Shangazi anadakia pembeni, "Mwenye simu ndiye mwenye tatizo!" Nikacheka huku nalia. Kila nikiinua macho, Bwana Mtandao alikuwa ananitazama mimi, si kompyuta.

Saa kumi kasoro dakika kumi, mwenye viti sita akasimamisha gari nje kweli, mlango wa kijani kauona mwenyewe, hakuuliza mtu. Viti vikaingia. Mteja hata mmoja, baba alikuwa amesema. Baba akavishika kimoja kimoja, akavipigapiga mgongo, akamtazama dada yake, na Shangazi akatazama dari.

"Sawa," akasema Shangazi. "Mnunuzi nitampigia mwenyewe asijisumbue."

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini baba alikuwa amerudi kwenye orodha yake, amenogewa.

"Na huyu je? Tazameni huyu! Kanipigia mara kumi na moja tangu Jumatatu. Huyu si kochi moja. Huyu lazima ana hoteli nzima."

"Mzee," akasema Bwana Mtandao ghafla. "Huyo mwache kwanza."

"Nimwache? Mara kumi na moja! Huyu ndiye wa kuombwa radhi kuliko wote."

"Mzee, naomba..."

Baba alikuwa ameshabonyeza. Akaweka simu sikioni, akakohoa, akatengeneza sauti ya kazi.

Simu ikalia kwenye mfuko wa suruali ya Bwana Mtandao.

Ikalia mara moja. Ikalia mara mbili. Hakuna aliyesogea. Tangu Jumatatu, nikawaza. Siku moja baada ya kumwambia naondoka. Nikakaa kwenye kimoja cha vile viti sita, kikanibonyea. Aliitoa simu polepole, akaitazama, akanitazama mimi, akaipokea. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa baba, akampa mgongo, na ulimi ukafunguka.

"Haloo. Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema baba kwenye simu, macho yamemganda kwenye ule mgongo. "Hapa ni kwa fundi makochi. Umenipigia mara kumi na moja. Shida yako nini?"

"Sina kochi, mzee."

"Hilo nimeliona."

"Nilitaka kuomba ruhusa nije nyumbani na wazazi wangu. Kwa ajili ya binti yako. Nampenda, mzee. Nilitaka ulisikie wewe kwanza, kwa heshima, kabla sijamwambia yeye. Ile nywila niliiomba kwa sababu hata akienda mbali, nilitaka kazi yenu iendelee kuonekana kwenye tovuti, isifie mikononi mwangu."

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa daftari. Shangazi akashika kiuno. "Ama kweli," akanong'ona, "kimya kingi kina mshindo mkuu."

Baba hakukata simu. "Subiri kwenye laini," akasema. Akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia, sura yake ngumu ile ile ya kupimia vitambaa. Lakini kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Binti. Kuna mtu hapa kwenye simu. Mimi simjui. Wewe unamjua?"

Machozi yalikuwa yananishuka hadi shingoni, wala sikuyafuta.

"Namjua, baba. Si tapeli."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Naomba uihifadhi namba yake."

Baba akaishusha simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, anatafuta kila moja kama pini iliyoanguka. Nilisimama nyuma yake nikasoma juu ya bega: MKWE. Moyo ukanipaa. Akafikiri kidogo, akaongeza neno jingine: BADO.

"Baba!"

"Nyamaza, nina mtu kwenye laini." Akairudisha simu sikioni. "Kijana, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee." Alikuwa amegeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake hayakukwepa popote.

"Waambie wazazi wako wanipigie kesho," akasema baba. "Nitapokea."